MCHAGUA JEMBE NDIYE MKULIMA

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama)



Wahenga walinena, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hiyo humwaibisha mvivu asingiziaye mpini hali mvua imekwisha kunyesha, na kwa mvivu ni ya haki. Lakini sisi watu wa kalamu twaigeuza kuwa udhuru. Mtumishi apatapo mshahara hununua jembe moja zito, akalipeleka nyumbani, akadhani wajibu wake umekwisha. Jembe hilo ndilo la kulimia, ndilo la kupalilia, ndilo la kuchimbia mfereji na la kung'olea magugu. Naye yumo ofisini akipanga majalada. Walishikao kutwa ni mkewe, mama yake, na watoto warudipo shuleni. Kwa hiyo naomba kueleza habari za zana chache ambazo wengi wetu hatuzijali.

Wazee wetu hawakutegemea chombo kimoja. Walikuwa na muo wa mti mgumu wa kuchimbia mashimo, na mundu wa kukatia. Wahunzi wa Kilongo, kusini ya Ziwa Viktoria, walifua majembe waliyoyanunua Wasukuma na Wanyamwezi, hata yakatumika kuwa mahari. Na jembe lililolika kwa kazi halikutupwa. Wepesi wake ulilifanya lifae kupalilia. Basi kuchagua chombo si jambo geni kwetu, bali ni jambo tulilolisahau.

Zana ya kwanza ni jembe la meno, ambalo wengine huliita jembe uma. Lina meno matatu au manne mahali pa bapa. Kila mkulima aijua sangari, majani yale yatambaayo chini ya udongo. Shina lake lina vifundo vingi, na kila kipande chenye kifundo chaweza kuchipua. Sasa fikirini: mtu akilima sangari kwa jembe la bapa, aikata vipande mia, naye kwa jasho lake mwenyewe amepanda mia. Jembe la meno hupita kati ya mashina, likayainua marefu marefu bila kuyakatakata. Kazi hiyo yafaa kufanywa wakati wa kiangazi, ili mashina yakusanywe, yaanikwe juani hata yakauke kabisa, kisha yachomwe.

Zana ya pili ni jembe la kusukuma, ambalo Waingereza huliita jembe la Kiholanzi. Bapa lake ni jembamba, limelala karibu sawasawa na ardhi, na mpini wake ni mrefu hata ufike karibu na masikio ya mtu. Mwenye kulitumia husimama wima, akalisukuma chini kidogo ya uso wa udongo, huku akienda kinyumenyume, asije akakanyaga alipokwisha kupalilia. Magugu machanga hukatwa mizizi, na jua la mchana huyamaliza. Halifai penye mawe wala penye magugu makubwa. Lakini katika bustani ya mboga iliyokwisha kulimwa, humwokoa mama na kuinama kutwa nzima. Fundi mhunzi aweza kulifua kwa chuma cha springi ya motokaa kuukuu.

Zana ya tatu si ya chuma, wala haina bei. Ni miti miwili ya futi saba hivi, iliyofungwa pamoja juu na kupanuliwa chini, na mti wa tatu umeikata katikati, hata ikawa mfano wa herufi A. Kutoka kileleni huning'inizwa uzi wenye jiwe. Simamisha miguu yake juu ya vigingi viwili, utie alama uzi ukatapo mti wa katikati. Kisha ugeuze, mguu wa kulia ukae penye wa kushoto, utie alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo waweza kuvuka mlima mzima hatua kwa hatua, ukipiga kigingi kila uzi uangukapo penye usawa, nawe umepata mstari ambao maji hayatashuka kwa kasi.

Katika mstari huo chimba mfereji kwa sululu na sepetu, udongo ukitupwa upande wa juu. Ndiyo ile kazi iitwayo "fanya juu," iliyopata sifa katika wilaya ya Machakos, nchi ya Wakamba. Katika miaka ya 1930 wilaya hiyo ilijulikana kwa udongo wake kuchukuliwa na mvua. Watafiti walioandika habari zake mwaka 1994 walionyesha ya kuwa hata mwaka 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara 5, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua, na matuta ya namna hiyo yalikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo.

Zana ya nne ni ndogo kuliko zote, nayo ni tupa. Jembe butu humchosha mtu mara mbili. Tupa husukumwa mbele tu, kisha huinuliwa. Kuisugua mbele na nyuma ni kuyaua meno yake bure.

Mabwana, nina maombi mawili. Kwanza, mtu asinunue jembe pasipo kumwuliza atakayelishika. Yeye na alipime uzito, ajaribu mpini, kisha ndipo fedha itoke. Pili, wanachama wakaao jirani na wachange, wanunue pamoja sululu, sepetu na jembe la meno, maana hizo si zana za kila siku, nazo zaweza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Kila mmoja wetu hujua tarehe yake ya kustaafu. Siku hiyo ataacha kalamu mezani na kuirudia ardhi yake. Na heri ikiwa ataikuta bado ipo mlimani, haijashuka mtoni, na waliomtunzia wangali na migongo iliyonyoka. Mvivu na achague jembe apate kulala; sisi tuchague tupate kulima.