VIPAZA SAUTI VISIVYO NA WAYA
Maneno kwa wapiga muziki na mafundi wa sauti wa Kisii na Nyamira



Leo hatukuja na habari ya mishahara, ila habari yenyewe yaingia mfukoni vile vile. Kila msimu wa arusi twapata malalamiko yale yale, kutoka Suneka, kutoka Keroka, kutoka Nyansiongo: kipaza sauti kisicho na waya kimeanza kukwaruza katikati ya sherehe, mwenye arusi amekasirika, na tajiri wa vyombo amemkata fundi nusu ya malipo yake. Fundi alifanya kazi yake. Ubaya ulikuwa hewani, na mtu asiyejua mambo ya hewani hawezi kujitetea.

Basi tujue. Kipaza sauti cha namna hii ni kituo kidogo cha redio. Kina kirushio, mkononi au kiunoni mwa mwimbaji, na kipokeo mezani kwa fundi. Chatoa mawimbi kama Egesa FM itoavyo, lakini kwa nguvu ndogo mno, pengine sehemu 10 hadi 50 tu katika elfu za wati moja. Mawimbi huhesabiwa kwa mara yatikisikavyo katika sekunde moja. Hesabu hiyo ndiyo masafa, na mara milioni moja ni megahezi moja. Ukichukua 300 ukagawanya kwa megahezi, wapata urefu wa wimbi kwa mita. Megahezi 600 ni nusu mita. Robo ya urefu huo ni sentimita 12 na nusu, ndiyo sababu eriali ya kipokeo ni fupi. Mwimbaji asiifunike ya kwake kwa kiganja. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji hunywa mawimbi. Kipokeo kilichofichwa chini ya meza, nyuma ya watu mia tatu wanaocheza, kitasikia nini? Kiwekwe juu, kionane na mwimbaji.

Sasa twafika penye hasara kubwa. Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2007 ulizipa simu za mkononi, katika Afrika na Ulaya, megahezi 790 hadi 862. Ule wa 2012 ukaongeza 694 hadi 790. Marekani nayo ilikataza vipaza sauti katika kanda ya 700 mwaka 2010, na sehemu kubwa ya kanda ya 600 mwaka 2020. Je, vyombo vile vilitupwa baharini? Mtumba una njia zake, ndugu. Mtu akikuuzia kipaza sauti chenye jina kubwa kwa bei ya kuku wawili, kigeuze kwanza, usome nambari za masafa zilizoandikwa nyuma. Chuma chenyewe huenda ni kizuri sana, ila kimepangwa mahali penye simu. Tena kuna sheria: masafa ya Kenya yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na chombo cha kurusha mawimbi sharti kiwe kimekubaliwa nayo.

Chini ya 694, mpaka 470, ni mahali pa televisheni. Kila chaneli ina upana wa megahezi 8, na sisi twapenya katika zile zilizo tupu. Hapa kwetu pana jambo ambalo kitabu cha kiwandani hakilisemi. Nchi yetu ni milima na mabonde. Mlima kama Manga waweza kuzuia mawimbi upande mmoja na kuyapokea wazi upande wa pili, hivyo chaneli iliyo tupu bondeni si lazima iwe tupu kileleni. Fundi afike mapema, awashe kipokeo peke yake, kirushio kikiwa kimezimwa, atazame kama taa ya mawimbi inawaka. Ikiwaka, mahali hapo pana mwenyewe.

Na vipaza sauti vikiwa vingi, visipangwe kwa hatua zilizo sawa. Ukiweka kimoja 600 na cha pili 601, viwili hivyo vikikaribiana huzaa mawimbi mengine, 599 na 602. Ukiweka cha tatu 602 umekiua mwenyewe. Kiweke 602.7 kitapumua. Vile vya 2,400, vinavyouzwa kwa wingi siku hizi, hugombana na intaneti ya Wi-Fi. Chumbani vyafaa, uwanjani penye simu elfu twaviogopa.

Kwa kurekodi, twasema waziwazi: tumieni waya. Hugh Tracey alipopita Kenya mwaka 1950 na 1952 akirekodi nyimbo za watu hakuwa na vipaza sauti hivi vya hewani, na kazi yake yasikilizwa mpaka leo. Obokano yetu, yenye nyuzi nane na bakuli kubwa lililowambwa ngozi, ina sauti nzito ya chini, na sauti hiyo huweza kuharibika katika chombo rahisi cha hewani, kwa kuwa vingi hubana sauti vikiirusha kisha huifungua kwenye kipokeo. Jenereta nayo ikae mbali, nyuma ya nyumba, la sivyo mngurumo wake utaingia katika kila wimbo.

Kamati yapendekeza maneno matatu yaingie katika karatasi ya mapatano kabla ya kazi: aliyechagua vyombo atajwe; kipaza sauti kimoja chenye waya kiwe tayari jukwaani; na fundi aliyepima masafa kabla ya sherehe asikatwe malipo kwa mwingilio wa nje. Matajiri wengine watanung'unika. Waya wa mita 20 ni rahisi kuliko kurudisha fedha ya arusi.

Karatasi hizo zitakuwa kwa makatibu wa matawi, Kisii na Nyamira. Mnapokuja kuzichukua, leteni nambari za masafa ya vyombo vyenu tuziandike katika daftari moja, ili bendi mbili zisikutane uwanja mmoja zikiwa na masafa mamoja.