Sindano Zisizo na Dawa: Atarajie Nini Mgonjwa Anayeanza Tiba ya Akupancha



Mazungumzo haya yanahusu akupancha, yaani tiba ya Kichina ya kuchoma sindano. Madaktari wa China wamekuwa wakihudumu Tanzania tangu miaka ya 1960, na leo tiba hiyo hutolewa pia katika vituo vya watu binafsi.

Linalowashangaza wengi ni kwamba sindano hizo hazina dawa, wala hazina tundu ndani. Unene wake ni kama robo ya milimita. Aliyekwenda akihofia maumivu ya sindano ya hospitali mara nyingi huona alihofia bure.

Siku ya kwanza huwa ndefu kuliko zinazofuata. Mtaalamu huuliza habari za maumivu, usingizi na choo, hutazama ulimi, na hupima mapigo ya damu katika mikono yote miwili. Mgonjwa asione kwamba anapotezewa muda, wala asifiche neno. Aseme kama ni mjamzito, kama ana kisukari au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme pia, kwani wakati mwingine sindano huunganishwa na umeme mdogo. Ale chakula chepesi kabla ya kwenda. Mwenye njaa huweza kuzirai.

Sindano hukaa mwilini dakika 15 hadi 30. Anayeumwa kiuno asishangae akichomwa nyuma ya goti. Kuhisi uzito, ganzi au joto ni kawaida. Maumivu makali si kawaida, na ayataje papo hapo. Baadaye huenda akabaki na alama ndogo ya damu kuvilia. Nafuu kwa kawaida huhitaji kurudi mara kadhaa, na wapo wasioipata kabisa.

Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya mgonjwa, na sindano zitumike mara moja tu. Iliyokwisha kutumika kwa mwingine huweza kuambukiza homa ya ini na VVU. Kuomba kuiona pakiti si utovu wa adabu, hata kama mtoa huduma atakunja uso. Mwenye kituo nje ya hospitali aulizwe pia cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Tafiti zimeonesha kuwa akupancha huweza kupunguza baadhi ya maumivu, kama ya mgongo, goti na kichwa. Haiponyi kisukari, saratani wala VVU. Mwenye shinikizo la damu anayeacha vidonge kwa sababu tu mgongo umepata nafuu anajiweka katika hatari ya kiharusi. Asiache dawa yoyote kabla ya kumwona daktari aliyemwandikia.

Na atakayebanwa na pumzi baada ya kuchomwa kifuani au mgongoni aende hospitali saa hiyohiyo, asingoje kurudi kituoni.