Bingwa Aliyekubali Kuulizwa

Ndugu zangu, dada zangu, vijana wenzangu. Leo tuzungumze kuhusu Muhammad Ali. Najua kuna mtu hapo tayari anajisemea, "Ah, huyo tunamjua." Kweli, picha yake iko kwenye fulana, kwenye vinyozi, kwenye simu zetu. Tunamjua akiwa ulingoni, mpinzani yuko chini na yeye amesimama juu yake.

Lakini mimi leo sikuja na habari za ngumi. Nataka nikupeleke Februari 1980, Ali alipokuja huku kwetu Afrika Mashariki. Wakati huo alikuwa ametangaza kustaafu. Hakuja na glavu. Na watu waliokutana naye hawakutaka kumwona akipigana, walitaka kumuuliza maswali. Yale maswali, wallahi, yalikuwa mazito kuliko ngumi.

Kwanza tukumbushane huyu mtu ni nani, manake bila hilo hutaelewa uzito wa yaliyotokea.

Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22, alimpiga Sonny Liston akawa bingwa wa dunia wa uzani wa juu. Baada tu ya hapo akatangaza hadharani kuwa ni Mwislamu, na jina lake likawa Muhammad Ali. Aprili 28, 1967, mjini Houston, aliitwa kuingia jeshini kipindi cha vita vya Vietnam. Akakataa. Alisema dini yake haimruhusu. Akanyang'anywa ubingwa, akafungiwa kupigana, akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Hakutoroka nchi. Alikata rufaa, akabaki nje akisubiri, na zaidi ya miaka mitatu ya ujana wake ikapita bila pigano hata moja. Juni 28, 1971, Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta hukumu ile, majaji wote 8 waliosikiliza kesi wakiwa upande wake.

Hapo sote tunapiga makofi. Sisi ni harakati ya haki, na hadithi ya mtu aliyekataa kuinama mbele ya serikali inatupendeza. Sasa sikiliza sehemu ambayo hatuiweki kwenye fulana.

Desemba 1979, jeshi la Umoja wa Kisovieti liliingia Afghanistan, nchi ya Waislamu. Rais Jimmy Carter wa Marekani akataka dunia isusie Olimpiki ya Moscow ya 1980. Akatafuta mtu wa kuwashawishi Waafrika, akamtuma Muhammad Ali. Hebu fikiria: serikali ileile iliyotaka kumfunga, miaka kumi na tatu baadaye inamtuma kama mjumbe wake.

Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Aliona ni dharau kwa Marekani kumtuma mwanamichezo kuja kuzungumza jambo zito namna ile na rais wa nchi. Ali akabaki na waandishi wa habari, na hao hawakumhurumia.

Walimuuliza: mwaka 1976 sisi Waafrika tulisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Nchi zaidi ya 20 ziliondoka, Kenya na Tanzania zikiwemo. Marekani mlikuwa wapi siku hiyo? Hamkutuunga mkono. Leo mnataka tuwaunge mkono nyinyi? Wakaendelea: hao Wasovieti unaotaka tuwasusie ndio wanaosaidia wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Wewe umekuja kwa niaba ya nani?

Jiweke mahali pake. Wewe ndiye mtu maarufu kuliko wote duniani. Umetumwa na rais wa nchi kubwa. Kamera zinakutazama. Na kijana wa gazeti la Dar es Salaam, ambaye jina lake hulijui, amekubana kwenye kona. Ungefanya nini? Wengi wetu tungepandisha sauti. Tungesema, "Wewe unanijua mimi ni nani?" Tungesema waandishi hawa wametumwa, wamelipwa.

Ali alikasirika kidogo, ndiyo. Alisema yeye si kibaraka wa mtu. Lakini aliendelea kusikiliza. Na katika ziara hiyohiyo ya Afrika Mashariki, alikiri mbele ya watu kwamba mambo mengine aliyoulizwa hakuwa ameambiwa kabla ya kuondoka. Alikubali kwamba huenda anatumiwa kwa jambo lisilokuwa sawa. Na akasema kama angejua historia yote ya Marekani na Afrika Kusini, pengine asingekuja.

Tusimpambe zaidi ya alivyokuwa. Hakupanda ndege akarudi kwao. Alikuja Nairobi, halafu akaendelea hadi Afrika Magharibi na kumaliza ziara yake. Kenya ikasusia Moscow. Tanzania ikaenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Mwaka huohuo Ali mwenyewe akarudi ulingoni, na Larry Holmes akampiga vibaya. Kwa hivyo siwaambii habari za malaika. Nawaambia habari za binadamu mwenye tabia moja ambayo sisi tunaihitaji sana: ukimwonyesha ukweli, haufungii mlango.

Na haikuwa mara moja. Malcolm X alikuwa rafiki na mwalimu wake. Mei 1964 walikutana Accra, Ghana. Wakati huo Malcolm alikuwa ameshaachana na Nation of Islam, na Ali akampa kisogo hadharani. Mwaka uliofuata Malcolm akauawa. Nafasi ya kuzungumza naye tena haikuwepo. Miaka arubaini baadaye, katika kitabu cha maisha yake cha 2004, Ali aliandika kuwa kumpa Malcolm kisogo ni katika makosa anayoyajutia zaidi maishani. Joe Frazier naye, mpinzani aliyemtukana sana enzi zao, Ali alimwomba radhi mwaka 2001 kupitia gazeti. Hakuna mahakama iliyomlazimisha.

Sasa turudi kwetu, manake hii ndiyo sababu ya mimi kusimama hapa.

Wewe kijana wa Kiislamu unayefuata ukurasa huu, una sauti. Huenda huioni, lakini wenzako wanaiona. Una marafiki mia tano kwenye simu. Ukisema jambo mtaani, vijana wanakusikiliza. Na mtu yeyote mwenye watu nyuma yake, iko siku ataitwa. Ataitwa na mheshimiwa, ataitwa na shirika, ataitwa hata na mzee wa msikitini mwenye ugomvi wake. Ataambiwa, "Hili ni jambo la Waislamu. Wewe tupe sura yako tu."

Tazama jambo la Ali lilivyokuwa. Dhulma ya Afghanistan ilikuwa ya kweli. Waislamu walikuwa wanauawa kweli. Hakudanganywa kuhusu hilo. Alichofichwa ni nusu nyingine. Na hivyo ndivyo watu wazuri wanavyotumiwa: hawapewi uongo mtupu, wanapewa haki nusu. Mheshimiwa atakuja kukulilia kuhusu vitambulisho vya vijana wetu, kuhusu wenzetu waliochukuliwa usiku na hawajaonekana. Ni kilio cha haki. Lakini muulize: ulipokuwa na kura bungeni, ulipiga vipi? Wale waandishi wa Dar walifanya hesabu hiyohiyo. "Mlikuwa wapi 1976?"

Surat Al-Hujuraat inatufundisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Surat An-Nisaa inatuamuru tusimamie haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Ya kwanza tunaikumbuka tukiletewa habari za wengine. Ya pili tunaisahau, manake inauma.

Kwa hivyo naomba mambo matatu.

La kwanza, kabla hujampa mtu sura yako au sauti yako, uliza maswali ambayo mwandishi wa Dar angekuuliza. Ni nani anayenituma? Nusu gani sijaambiwa? Alikuwa wapi sisi tulipomhitaji? Ukikosa majibu, mwambie akupe muda. Ukiona muda hautolewi, ushapata jibu lako.

La pili, ukiulizwa, usigeuze swali kuwa vita. Harakati yetu pia iulizwe. Pesa zimetumikaje, kwa nini tumelisemea jambo hili na lile tukalinyamazia. Anayetuuliza si msaliti. Mara nyingi ndiye anayetupenda. Na sisi viongozi tukikosea, tuseme palepale tulipokosea. Kama tulikosea mbele ya watu elfu, tusije kuomba radhi kwenye chumba cha watu watatu.

La tatu, usingoje miaka arubaini. Ali alibahatika, Frazier alikuwa bado hai. Malcolm hakuwa hai. Kama kuna ndugu uliyempa kisogo kwa sababu kundi lilikwambia umpe kisogo, mpigie simu wiki hii. Sisi tunaodai haki kutoka kwa serikali, hatuwezi kunyimana haki ndogo ya salaam sisi kwa sisi.

Ali aligunduliwa ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984. Ule mdomo uliokuwa na maneno mengi ukanyamaza kidogo kidogo, na mikono ikaanza kutetemeka. Nguvu iliondoka, kasi ikaondoka. Alipofariki Juni 2016, maelfu walihudhuria janaza yake Louisville, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Hakuwa amepigana kwa miaka 34. Hawakwenda kuaga ngumi, walikwenda kuaga tabia.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe makosa yake, na atujaalie sisi masikio ya kusikia tukiambiwa ukweli, hata kama anayeusema ni mdogo wetu. Amin.