KULIA PAMOJA NA KUSIKILIZANA
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei wa Kibondo na Kasulu





Wahenga walisema, "Kifo cha wengi harusi." Methali hii haisemi kwamba msiba ni furaha. Yasema kwamba mzigo ukiinuliwa na mikono mingi hupungua uzito. Lakini hupungua endapo wengi hao watalia pamoja. Kila mmoja akilia nyumbani kwake, mlango umefungwa, msiba wa wengi hugeuka kuwa misiba mingi.

Wilaya zetu zimepokea misiba ya majirani mara kwa mara. Mwaka 1972 Warundi waliyakimbia mauaji wakaja mkoani kwetu. Walikuja tena baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu kuwapokea Wakongo. Na mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, hata kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Sisi Waha nasi tunayo yetu: katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu, wakaacha mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, na ile ya Mtendeli mwaka 2021, watu waliondoka, makaburi yakabaki. Je, nani atawakumbuka wafu hao?

Kukumbuka peke yake hakutoshi. Mtafiti Liisa Malkki alikaa kati ya Warundi wa mwaka 1972 katika miaka ya 1985 na 1986, katika makazi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma. Kule Mishamo, walikoishi peke yao, aliona masimulizi ya wengi yamekuwa historia moja ya "sisi" na "wao". Mjini, walikochanganyika na wenyeji, haikuwa hivyo. Hatuwalaumu waliofiwa. Twajifunza tu kwamba kumbukumbu isiyopata msikilizaji wa upande mwingine yaweza kuwa ukuta, na watoto wakaurithi ukuta huo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusikilize. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Walikosea walipoanza kumweleza sababu za mateso yake. Anayesikiliza hakatizi, hasahihishi, wala hapimi msiba wa mwenzake kwa msiba wake. Tena hautembezi kijijini. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu: bibi wa Kasulu huelewa kilio cha bibi wa Burundi bila mkalimani. Hiyo ni neema tusiyoitumia vya kutosha.

Pili, tutumie sanaa. Yako mambo ambayo kinywa hayawezi, lakini mkono huyaweza. Wanawake wanaosuka kikapu pamoja huzungumza mengi ambayo hawangeyasema wakiulizwa ana kwa ana. Mtoto huchora nyumba iliyoungua kabla ya kupata maneno ya kuieleza. Ngoma za Burundi, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, haziwezi kupigwa na mtu mmoja: kila mpigaji humsikiliza mwenzake, la sivyo mdundo huvunjika. Nasi tutunge nyimbo za maombolezo, tuchonge msalaba mmoja, tuigize safari ya waliokimbia. Wenyeji na wageni katika kazi ile ile.

Tatu, tuwe na kiasi. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Igizo lisimrudishe mtu katika kitisho chake mbele ya watazamaji, wala wimbo usitaje kabila lolote kuwa ndilo adui. Haki yatudai tuseme ukweli kuhusu uovu uliotendwa; haituruhusu kuwahukumu watoto wa watenda uovu.

Mwezi Novemba twawaombea marehemu wote. Parokia zilizo karibu na kambi zilizofungwa ziyatembelee makaburi yale, ziyafyekee nyasi, na kuimba hapo. Waliolala humo hawana ndugu wa karibu wa kuwafyekea. Ndugu zao sasa ni sisi.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo:
1. Ni msiba gani wa kijiji chetu ambao haujapata kuliliwa pamoja?
2. Ni nani kati yetu ambaye hatujamsikiliza, na kwa nini?
3. Ni kazi gani ya mikono, wimbo au igizo tunaloweza kuandaa pamoja na majirani zetu?