Kudurusu kwa Pamoja: Maandalizi ya Mtihani wa Kujiunga na Masomo ya Sheria

(Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja wa mkoani Shinyanga mbele ya vijana na wazazi, msikitini Kahama, baada ya Swala ya Alasiri. Inachapishwa kwa ombi la waliohudhuria.)



Baada ya kumhimidi Allah (s.w.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu (s.a.w.), napenda niseme mapema kwamba sikuja kuhutubia juu ya umuhimu wa elimu. Hotuba za namna hiyo mmezisikia nyingi, nami nimewaona watu wakizisikiliza huku wakisinzia. Nimeombwa nizungumzie jambo moja dogo: vipi mtu mwenye kazi, familia na umri uliosogea ajiandae kwa mtihani wa kujiunga na masomo ya sheria, na kwa nini nashikilia kwamba asijiandae peke yake.

Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa alama nzuri huingia chuoni kwa cheti chake. Huyo simzungumzii. Namzungumzia karani, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, na yule aliyeacha shule akaenda kwenye maduara ya dhahabu kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula. Kwa watu hawa vyuo vikuu vya nchi yetu vimekuwa na mlango wa pili kwa miaka mingi: mtu mzima aliyefikisha miaka 25 na kukosa sifa za kawaida hupimwa kwa mtihani. Zamani ulijulikana kwa jina la mtihani wa watu wazima. Baadaye Tume ya Vyuo Vikuu ikauingiza katika utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Sehemu moja hupima uelewa wa jumla, na nyingine hupima fani anayoiomba.

Wenzetu wa Uganda wamekwenda mbali zaidi, kwani Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikiwatahini waombaji wa shahada ya sheria hata kama wana vyeti vizuri. Marekani nako uko mtihani uitwao LSAT, ulioanza mwaka 1948. La kustaajabisha ni kwamba mtihani ule haumuulizi mtu kifungu hata kimoja cha sheria. Humpa hoja fupi, kisha humuuliza: hoja hii imesimama juu ya jambo gani ambalo msemaji hakulitaja? Ni lipi likithibitika litaiangusha?

Sisi hatuna sababu ya kuliona jambo hilo kuwa geni. Katika riwaya mashuhuri iliyomo kwa Abu Daud na Tirmidhi, Mu'adh bin Jabal alipokuwa akitumwa Yemen aliulizwa na Mtume (s.a.w.) atahukumu kwa lipi. Hakuulizwa amehifadhi kiasi gani. Aliulizwa atafanya nini asipoikuta hukumu katika Kitabu, kisha asipoikuta katika Sunna. (Wanazuoni wameijadili sanad ya riwaya hii, lakini mafakihi wameitegemea kizazi baada ya kizazi.) Na imesimuliwa kwamba Imam Abu Hanifa, huko Kufa, alikuwa akiiweka mas'ala mbele ya wanafunzi wake wakaijadili, pengine kwa siku nyingi, ndipo ikaandikwa. Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan walitoka katika mijadala ile, na katika mengi walikhitalifiana na mwalimu wao. Imam Shafi, ambaye wengi wetu hapa tunafuata madhehebu yake, alisoma kwa Malik mjini Madina, kisha akakaa Iraq na huyo huyo Muhammad bin al-Hasan.

Sasa nitazungumza habari zangu, na mtanisamehe.

Mwaka 2003 nilijifungia chumbani kwangu Ngokolo, Shinyanga mjini, kwa miezi mitano. Nilikuwa na vitabu vitatu vya kuazima na taa ya chemli. Nilihifadhi. Niliweza kutaja mihimili ya dola, ngazi za mahakama kuanzia ya mwanzo hadi ya rufani, na maana ya istilahi nyingi za Kilatini ambazo tangu siku ile sijapata kuzihitaji. Nikaingia katika chumba cha mtihani nikiwa na yakini. Swali la kwanza la fani lilisimulia kisa cha watu wawili wanaogombea kitu kimoja, likataka nimshauri mmojawapo. Niliandika kurasa nne juu ya historia ya sheria nchini. Nilifeli, na nilistahili kufeli.

Mwaka uliofuata tulikuwa watano: karani wa mahakama ya mwanzo, mwalimu, dada mmoja muuguzi aliyekuwa akija pamoja na kaka yake, kijana aliyetoka kuchimba Mgusu kule Geita, na mimi. Tulikutana katika chumba cha madrasa baada ya Isha, siku tatu kwa juma. Kanuni yetu ilikuwa moja tu: hakuna kusoma kimya. Kusoma kimya kila mtu akafanye kwake. Pale mmoja hutoa kisa, mwingine hukijibu, wa tatu hana kazi ila kulivunja jibu hilo.

Kisa kilichotuchukua majuma mawili kilitolewa na yule mchimbaji, na bado nakitumia kuwafundisha wengine. Mkulima ana shamba la mihogo na pamba alilorithi kwa babu yake. Anakuja mtu kutoka mjini na leseni ya uchimbaji mdogo inayolifunika shamba lile. Mkulima anasema, "Ardhi ni yangu, basi na dhahabu ni yangu." Mwenye leseni anasema, "Nina karatasi ya serikali, ondoka." Nani mwenye haki?

Usiku wa kwanza sote tulikuwa upande wa mkulima, kwa sababu sote tuna wajomba wakulima. Usiku wa pili karani alituletea maneno ya sheria ya madini, wakati huo ile ya mwaka 1998, ambayo baadaye ilifuatwa na ya mwaka 2010. Tukaona kwamba madini yaliyomo ardhini ni mali ya umma, si ya mwenye shamba. Basi tukahamia sote kwa mwenye leseni, kama kondoo. Ni yule dada muuguzi aliyeuliza: leseni inampa haki ya madini, je, inampa pia haki ya kung'oa mihogo? Ikabidi turudi kwenye karatasi. Tukakuta kwamba mwenye leseni hawezi kufanya kazi zake karibu na nyumba ya mtu au shamba lililolimwa bila idhini ya maandishi ya mmiliki halali, na kwamba akiharibu mazao au majengo hulipa fidia. Kumbe wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili walikuwa wakidai zaidi ya haki yao. Mkulima hana dhahabu, lakini ana neno ambalo bila hilo dhahabu haichimbwi kihalali kwenye mihogo yake.

Mimi peke yangu, chumbani kule Ngokolo, nisingelifika hapo, maana ningesimama kwenye jibu la usiku wa kwanza na kuliona zuri. Akili ya mtu mmoja haijipingi vya kutosha, na hasa ikiwa imeshachoka na kazi za mchana.

Wale waliosoma fiqhi hapa wataitambua njia yenyewe: mas'ala, dalili, hukumu. Swali ni lipi hasa, sheria yasemaje, tukio hili linaingiaje katika maneno ya sheria, basi tuamue nini. Mtahiniwa anayeanza na hukumu kisha akatafuta dalili ya kuiunga mkono hujulikana tangu ukurasa wa kwanza.

Kuna usiku tuligombana kweli, na nautaja kwa kuwa una faida. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe mapema. Kanuni zake za mwaka 2001 zinataja yanayohesabiwa: thamani ya soko, posho za usumbufu, usafiri na makazi, na hasara ya faida. Zinasema pia kwamba fidia ikicheleweshwa kupita miezi 6 italipwa pamoja na riba. Neno hilo likatuwasha. Mwalimu akasema hawezi kuandika katika mtihani kwamba mtu adai riba. Mchimbaji akasema anayecheleweshewa fidia miaka mitatu amedhulumiwa, na bei ya bati haimngoji. Tulibishana hadi mlinzi akaja kutuuliza kuna nini. Mwisho karani, mtu mkimya, akasema: mtihani unauliza sheria ya nchi inasemaje, nawe utaisema kwa uaminifu, wewe utaichukua ama hutaichukua, hilo ni swali jingine, muulize sheikh. Tukalipeleka kwa sheikh. Lakini tangu usiku ule nilijifunza kulitenganisha swali nililoulizwa na swali ninalopenda kulijibu, na huo ndio nusu ya mtihani.

Juu ya lugha nitasema kwa ufupi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tulifurahi. Hata hivyo masomo ya sheria vyuoni yameendelea kutegemea Kiingereza, hivyo msidanganyike mkakiacha. Sisi tulibishana kwa Kiswahili, na hasira zikipanda kwa Kisukuma, kisha kila mmoja akaenda kuandika hoja ile ile kwa Kiingereza kwa muda wa dakika arobaini. Hoja iliyokwisha kueleweka huandikika hata kwa Kiingereza kibovu. Isiyoeleweka hata Kiingereza kizuri hakiiokoi.

Liko jambo moja ambalo nilitaka kuliacha, lakini wazee wameniambia nisiliache. Zikiwa zimebaki siku kumi, mtu mmoja mjini alituletea habari kwamba ana karatasi ya mtihani na anaiuza. Fedha aliyotaka tulikuwa nayo. Wawili wetu walitaka tuinunue, na sitasema mimi nilikuwa upande upi tulipoanza mazungumzo. Tulizungumza hadi usiku wa manane, na watu wanne tukakataa. Wa tano aliondoka, akainunua. Naye alipita. Nawaambia hivi kwa sababu vijana huambiwa kwamba mdanganyifu hushindwa daima, nao wakishaona kwa macho yao kwamba hashindwi hawatusadiki tena katika lolote. Kati ya wanne tuliobaki, walipita wawili. Yule mchimbaji, aliyekuwa hodari kutuzidi sote katika hoja, hakupita, kwa sababu ya Kiingereza. Alirudi kwenye karasha.

Na anayeingia chuoni asidhani amevuka. Mbele ya shahada kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2008. Bila kupita huko mtu hawi wakili. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalilishtua taifa: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kulichunguza jambo hilo, na watu wakagawana lawama. Mimi nina swali dogo la pembeni: ni wangapi kati ya wale 633 waliowahi kukaa na wenzao kuvunjiana hoja kila juma, na ni wangapi waligawana tu karatasi za mitihani ya nyuma?

Mtaniuliza, kwa nini sheria na si udaktari au biashara? Udaktari ni mwema. Lakini tunaishi juu ya dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Kabla ya hapo, Agosti 1996, maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na madai yao yakabebwa miaka mingi na wanasheria wa LEAT, chama chenye makao Dar es Salaam. Allah awalipe kheri kwa jitihada zao, lakini ilikuwaje watu watafutiwe msemaji mbali hivyo? Katika kazi yangu naletewa fomu za uthamini zilizokwisha kutiwa dole gumba. Naulizwa, "Wakili, hapa niliweka nini?" Mara nyingi nimechelewa. Ungekuwapo kijijini mtu mmoja tu aliyewahi kubishania kisa cha mkulima na mwenye leseni kwa majuma mawili, dole lile lingengoja hadi asubuhi.

Sasa wazee, haja yangu kwenu. Chumba cha madrasa upande wa kaskazini hakitumiki baada ya Isha. Naomba ufunguo wake kwa Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, na taa moja iliyo bora kuliko ile iliyopo. Kina dada watakaokuja na maharimu wao wapewe sehemu ya mbele, si ya nyuma ambako hawasikii. Vijana msizidi sita katika kundi, kwa kuwa wakizidi sita wawili hugeuka wasikilizaji. Njooni na daftari, na kila mmoja aje na kisa kimoja kutoka kwao: mpaka wa shamba, mkopo wa pikipiki, mirathi, lolote. Sitafundisha usiku wa kwanza. Nitakaa pembeni. Yule mchimbaji wetu, ambaye sasa ana mvi, amekubali kutoka Geita aje kukitoa kisa cha kwanza.