Dereva, Umeme na Bei: Kulipa si Kuridhika

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya magari ya umeme. Mashine yenyewe nawaachia mafundi, ambao wamo humu ukumbini na wanaijua kunishinda. Mimi nitashika swali moja la uchumi: dereva anayesimama kwenye kituo cha umeme barabarani yu tayari kulipa kiasi gani, na je, kulipa kwake ni dalili ya kuridhika?

Wataalamu hulipima jambo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumwuliza dereva. Humwekea mbele vituo viwili vya kubuni, kimoja cha polepole na cha bei nafuu, kingine cha haraka na ghali, naye achague. Ya pili ni kutazama alivyofanya kweli. Njia ya kwanza ina udhaifu wake, kwani ulimi hauna mfupa. Ya pili nayo ina udhaifu, na huo ndio kiini cha maneno yangu: fedha iliyotoka mfukoni haituambii kama mtu alikuwa na njia nyingine.

Tuanze na hesabu. Chukua gari dogo ambalo betri yake hubeba uniti 50 za umeme. Mtambo wa nyumbani wa kilowati 7 huijaza kwa saa saba na kitu, mwenye gari akiwa amelala. Mtambo wa barabarani wa kilowati 100 huweza kulipa gari uniti 30 kwa muda wa kama nusu saa. Umeme ni ule ule. Kilichobadilika ni muda. Kwa hiyo msafiri aliye njiani hanunui uniti peke yake. Ananunua wakati wake, na uhakika kwamba mtambo utakuwa mzima atakapoufikia. Serikali ya Uingereza iliuzingatia uhakika huo katika kanuni zake za mwaka 2023: bei ionyeshwe waziwazi kwa kila uniti, na mitambo ya kasi ya kila kampuni iwe inafanya kazi kwa wastani wa asilimia 99 ya muda wa mwaka.

Hapo mwanzo wengi walizoeshwa bure. Kampuni ya Tesla iliwapa wanunuzi wa kwanza wa gari lake la Model S umeme wa bure katika vituo vyake, kisha mwaka 2017 ikaanza kuwatoza wanunuzi wapya. Manispaa ya Oslo, huko Norwei, ilitoa umeme bure kando ya barabara kwa miaka kadhaa, na mwaka 2019 ikaanza kutoza. Sababu si ngumu kuiona. Kitu cha bure hakina wa kukiachia. Gari lililokwisha kujaa hubaki pale pale, na mwenye shida huzunguka mtaa mzima akitafuta nafasi. Bei, ikipangwa kwa haki, huwagawia watu nafasi iliyo haba.

Wala tusimwonee mwenye kituo. Yeye amenunua transfoma na nyaya, analipia kiwanja, na mtambo wake huenda ukakaa saa nyingi bila mteja. Hana budi kurudisha gharama zake.

Lakini tuwatazame madereva wawili. Wa kwanza ana nyumba yenye ua. Huchaji usiku kwa bei ya nyumbani, na barabarani hulipa bei ya juu mara chache tu, akiwa safarini. Huyo anaweza kukataa. Wa pili ni mpangaji wa ghorofani, asiye na ua wala mahali pa kupitisha waya. Kwake kituo cha barabarani ndiyo nyumba. Kampuni ikimwona analipa kila wiki, huandika vitabuni kwamba yu tayari kulipa. Mimi nasema amelazimika kulipa. Nchini Uingereza, mwaka 2024, kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa asilimia 5 kwa umeme wa nyumbani na asilimia 20 kwa umeme wa kituo cha umma. Asiye na ua ndiye aliyetozwa mara nne. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Norwei ilijaribu dawa nyingine. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018, mwenye nyumba katika jengo la pamoja aliyetaka kuweka mtambo wa kuchajia hakuweza kukataliwa na kamati ya jengo bila sababu ya msingi. Mtu akipata njia ya pili, ndipo kukubali kwake bei kunapokuwa na maana.

Na kwetu? Hapa chombo cha umeme kinachotuhusu zaidi ni pikipiki ya boda boda. Mjini Kigali, tangu mwaka 2019, kampuni ya Ampersand imekuwa ikiwabadilishia waendeshaji betri tupu kwa iliyojaa, kwa dakika chache. Mwendeshaji hupima kwa mizani rahisi: betri inigharimu chini ya petroli, na isinipotezee abiria. Kenya nayo, mwaka 2023, iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, na uniti ya saa zisizo na matumizi makubwa ikawekwa nusu ya ile ya kawaida. Hiyo ni hatua njema. Lakini mwendeshaji ambaye pikipiki yake hutumia betri za kampuni moja tu hawezi kuhamia kwa mwingine bei ikipanda. Hali yake itakuwa kama ya yule mpangaji wa ghorofani.

Vijana, baadhi yenu mtakuwa mainjinia, wengine wahasibu, wengine mtakaa katika mabaraza yanayopanga bei za umeme. Siku mtakapoletewa karatasi isemayo kwamba wateja wako tayari kulipa kiasi fulani, msitie sahihi kabla ya kuuliza: walikuwa na njia gani nyingine? Kama jibu ni hakuna, rudisheni karatasi hiyo, mwanze na kuwatafutia njia.