Friza ya Nyumbani: Tununue kwa Akili



Kabla hujatoa pesa ya friza ya kuwekea nyama na sambusa za Ramadhani, uliza mambo matatu. Kwanza, je, inafika nyuzi 18 chini ya sifuri? Hapo vijidudu havizaliani. Pili, ya kufunguliwa juu hutunza baridi zaidi kuliko ya mlango wa mbele, maana hewa baridi ni nzito, hubaki chini. Tatu, ukubwa. Stima ikipotea, friza iliyojaa hukaa na baridi kama saa 48 usipoifungua. Iliyo nusu, saa 24. Basi nunua utakayoijaza. Nyama kuoza ilhali jirani hana cha kufuturu ni israfu, na tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.